Mguu Usioinuka: Ushauri kwa Mwanafunzi wa Uuguzi Anayesoma Magonjwa ya Neva na Mifupa

Chukua wagonjwa wanne ambao wote hawawezi kuinua mguu wa kulia. Wa kwanza ni mama wa makamo mwenye presha ya miaka mingi. Ameamka asubuhi mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na maneno hayamtoki. Wa pili ni kijana aliyeanguka kutoka juu ya mnazi. Miguu yote miwili imelegea, na ukimgusa chini ya kitovu hahisi kitu. Wa tatu ni mtoto aliyechomwa sindano ya kalio wakati anaumwa. Homa imepona, lakini sasa wayo wake umening'inia na anauburuta akitembea. Wa nne ni dereva wa bodaboda aliyegongwa. Paja limevimba na kupinda, na anapiga kelele kabla hujaligusa.

Dalili ni moja, lakini hitilafu iko mahali panne tofauti: kwenye ubongo, kwenye ugwe mgongo, kwenye neva, na kwenye mfupa. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama. Wamekariri orodha ya magonjwa, kila moja na visababishi vyake, dalili zake na dawa zake, na orodha zinafanana mpaka zinachanganyika kichwani usiku wa kuamkia mtihani. Ushauri wangu ni kuiweka orodha kando kwanza. Jifunze kujiuliza maswali mawili kwa kila mgonjwa: njia ya kusogeza kiungo imekatika wapi, na hali yake imebadilikaje tangu nilipomwona mara ya mwisho? Swali la kwanza litakusaidia kuelewa. La pili litakusaidia kuokoa maisha, na ni la muuguzi kuliko mtu mwingine yeyote hospitalini, kwa sababu daktari hupita na kuondoka, lakini muuguzi yupo usiku na mchana.

Ijue njia kabla ya magonjwa

Chukua karatasi na kalamu uichore mwenyewe. Amri ya kuinua mguu wa kulia huanzia kwenye gamba la ubongo upande wa kushoto. Hushuka mpaka sehemu ya chini ya shina la ubongo, na hapo nyuzi nyingi huvuka kwenda upande wa pili. Huteremka ndani ya ugwe mgongo, hutoka kupitia mojawapo ya jozi 31 za neva za uti wa mgongo, hufika kwenye misuli, misuli ikajikunja, kano ikavuta mfupa, na kiungo kikapinda. Ukikosekana uzima mahali popote kwenye njia hiyo, mguu hauinuki.

Wanaoifahamu mifereji ya Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro wanaelewa jambo hili haraka: mfereji ukizibwa juu, mashamba yote ya chini hukauka, ukizibwa karibu na shamba moja, hukauka hilo moja. Vivyo hivyo, eneo lililoathirika hukuonyesha mahali palipozibwa. Udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mkono na mguu pamoja, hukupeleka kwenye ubongo wa upande wa pili. Udhaifu wa miguu yote miwili, pamoja na mstari mwilini ambao chini yake hakuna hisia na mkojo usiotoka, hukupeleka kwenye ugwe mgongo. Ganzi na kuwaka moto kunakoanzia nyayoni, na baadaye kwenye vidole vya mikono, hukupeleka kwenye neva za pembeni: muulize habari za kisukari, VVU, pombe, na dawa za kifua kikuu, kwa sababu isoniazidi huweza kuharibu neva, na ndiyo maana mgonjwa huongezewa vitamini B6. Anayeshindwa kunyanyuka kitini au kuchana nywele, huku hisia zake zikiwa nzima, mfikirie misuli. Ambaye kope zinaanguka na sauti inafifia kadiri siku inavyokwenda, kisha akapata nafuu akipumzika, mfikirie mahali neva inapokutana na msuli. Na kama maumivu yako mahali pamoja na yanaongezeka kwa kusogezwa, anza na mfupa na kiungo.

Ongeza swali la muda. Kiharusi huja kwa ghafla. Homa ya uti wa mgongo huja kwa saa au siku chache, ikiwa na homa, kichwa kuuma na shingo kukakamaa. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huchukua wiki na miezi: mgongo unauma, uzito unapungua, jasho la usiku, kisha miguu inaanza kulegea na nundu kuonekana mgongoni. Kuna hata ugonjwa ambao jibu lake liko kwenye chakula. Konzo hupoozesha miguu kwa ghafla, ikabaki imekakamaa maisha yote, miongoni mwa watu waliokula kwa muda mrefu muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, huku wakikosa protini. Umeonekana Kongo, Msumbiji, na hapa Tanzania wilayani Tarime katika miaka ya 1980. Muuguzi asiyeuliza mgonjwa alikuwa anakula nini hawezi kuufikia.

Fahamu za mgonjwa zina hesabu

"Mgonjwa amechoka" si taarifa. "Mgonjwa amelala tu" nayo si taarifa. Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett, madaktari wa mjini Glasgow, walitoa kipimo cha fahamu ambacho hadi leo ni lugha ya pamoja ya wodi nyingi duniani. Macho hupewa alama hadi 4, maneno hadi 5, na msogeo wa mwili hadi 6. Mtu mwenye fahamu timamu hupata 15, na chini kabisa ni 3. Akifika 8 au chini yake, hofia njia yake ya hewa, kwa kuwa huenda hawezi kuilinda mwenyewe.

Usiandike jumla peke yake. Andika kila sehemu, kwa sababu wagonjwa wawili wenye alama 10 wanaweza kuwa katika hali tofauti kabisa. Na namba moja haitoshi. Mgonjwa aliyeumia kichwa aliyekuwa na 14 saa mbili zilizopita na sasa ana 12 yuko hatarini kuliko aliyelazwa na 12 na bado ana 12. Kushuka kwa alama mbili ni sababu ya kumwita daktari mara moja, hata usiku wa manane.

Pamoja na alama hizo, mulika mboni za macho. Mboni moja iliyopanuka na isiyojibu mwanga kwa mgonjwa aliyeumia kichwa ni dharura. Angalia pia presha na mapigo ya moyo kwa pamoja. Mtu anayevuja damu tumboni presha hushuka na mapigo hukimbia. Aliyejaa shinikizo ndani ya fuvu huenda kinyume chake: presha hupanda, mapigo hupungua, na pumzi hupoteza mpangilio. Ukiiona hali hiyo umechelewa tayari, kwa hiyo usiisubiri; kushuka kwa fahamu hutangulia.

Kisha kuna kipimo ambacho hakichukui hata dakika moja: sukari ya damu. Sukari ikishuka sana huweza kumpoozesha mtu upande mmoja, kumchanganya akili au kumtia degedege, akafanana kabisa na mgonjwa wa kiharusi au wa malaria kali. Kila aliyebadilika fahamu apimwe sukari, bila kujali umri wake wala ugonjwa aliokuja nao.

Saa za kwanza za kiharusi na degedege

Kwa mgonjwa wa kiharusi, swali la kwanza kwa ndugu zake ni hili: mara ya mwisho alionekana mzima wakati gani? Usiulize mlimkuta saa ngapi. Kwenye hospitali zenye kipimo cha CT na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, dawa hiyo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na tena baada ya CT kuthibitisha kwamba ubongo hauvuji damu. Hata pasipo na dawa hiyo, jibu hilo huongoza kila uamuzi unaofuata. Usikimbilie kuishusha presha yake kwa sababu tu namba inatisha; ubongo ulionyimwa damu hutegemea presha hiyo, na uamuzi wa kuishusha ni wa daktari.

Asipewe maji, chai wala uji mpaka amepimwa kumeza. Mkalishe wima, mpe kijiko cha chai cha maji, msubiri. Akikohoa, au sauti ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, simamisha na utoe taarifa, huenda akahitaji mpira wa kulishia. Waeleze ndugu jambo hili kwa heshima na kwa uwazi, kwa sababu wao ndio watakaokuja jioni na chupa ya uji kwa upendo. Uji uliopita njia ya hewa huleta nimonia, na wagonjwa wengi wa kiharusi hufariki kwa nimonia hiyo. Mkono uliopooza uwekee mto, na usimvute kamwe kwa mkono huo unapomnyanyua, kwa maana bega lisiloshikiliwa na misuli huteguka kirahisi.

Degedege lina sheria zake. Mlaze kwa ubavu, mwondolee vitu vya kumuumiza, mlegezee nguo shingoni, usimtie kitu chochote mdomoni na usimbane viungo. Tazama saa. Likifika dakika 5 bila kukoma, hiyo ni dharura inayohitaji dawa sasa hivi kulingana na mwongozo. Andika lilianzia wapi, upande upi, macho yaligeukia wapi, na alichukua muda gani kurudi katika fahamu, kwa kuwa daktari hakuwepo na maelezo yako ndiyo kipimo chake. Ukiagizwa kumpa fenitoini kwa mshipa, ichanganye na maji ya chumvi peke yake. Kwenye glukosi huganda. Ipite polepole, isizidi miligramu 50 kwa dakika kwa mtu mzima, huku ukiangalia moyo na presha.

Mwanamke mwenye mimba iliyozidi wiki 20, au aliyejifungua karibuni, akipata degedege, mhesabu kuwa ana kifafa cha mimba mpaka ithibitike vinginevyo. Dawa yake ni magneziamu salfeti, na usalama wake uko mikononi mwako. Kabla ya kila dozi gonga goti uone kama mguu unaruka, hesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, pima mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Goti likiacha kujibu, usitoe dozi. Kalsiamu glukoneti iwe kando ya kitanda tayari.

Kwa upande wa kifafa cha kawaida, kazi yako haiishii kwenye dawa. Katika jamii zetu bado wapo wanaoamini kwamba povu la mgonjwa huambukiza, na kwa imani hiyo watoto wameungua motoni na kuzama majini bila mtu kuwagusa. Kifafa hakiambukizi kwa kugusana wala kwa povu. Liseme hilo wodini, kliniki na nyumbani kwenu, na uliseme ukiwa umemshika mgonjwa mkono. Mwambie pia asikatishe dawa ghafla, kwani kukatisha huweza kuleta degedege lisilokoma.

Uti wa mgongo ulioumia

Aliyeanguka kutoka juu ya mti au kwenye pikipiki mchukulie kuwa ameumia uti wa mgongo mpaka ithibitike vinginevyo. Ageuzwe mwili mzima kwa pamoja, watu wanne, na anayeshika kichwa ndiye anayetoa amri. Kama ameumia shingoni, hesabu pumzi zake kabla ya kitu kingine, kwa sababu neva za kiwambo hutoka kwenye pingili ya 3 hadi ya 5 ya shingo.

Presha yake inaweza kushuka kwa sababu mbili tofauti. Akivuja damu, mapigo hukimbia na ngozi huwa baridi. Ugwe mgongo ukiwa umeumia juu, mapigo huwa ya polepole na ngozi ya joto. Tofauti hiyo iripoti kwa maneno hayohayo.

Baada ya wiki kadhaa huja hatari nyingine kwa walioumia pingili ya 6 ya kifua au juu yake. Mgonjwa aliyekuwa ametulia anaanza kulalamika kichwa kinapasuka, uso unatoka jasho, presha inapanda kwa kasi. Mkalishe wima kwanza. Kisha tafuta kinachomsumbua chini ya mahali asipohisi: mara nyingi ni mpira wa mkojo uliojikunja au kuziba, au choo kilichojaa. Ukikiondoa, presha hushuka. Kisipoondolewa, anaweza kupata kiharusi.

Na vidonda vya kulalia? Ludwig Guttmann alipofungua kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo kule Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, aliwakuta wagonjwa wa aina hii wakihesabiwa kama watu wa kufa. Aliagiza wageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, na kibofu kitunzwe. Wengi waliishi, wakafanya kazi, wakacheza michezo. Kumgeuza mgonjwa ni matibabu kamili. Ipe kazi hiyo saa na saini kwenye chati kama unavyoipa sindano.

Mfupa uliovunjika na kilichouzunguka

Unapoona mvunjiko, usiishie kwenye mfupa. Paja lililovunjika linaweza kuficha lita moja hadi moja na nusu ya damu bila tone kuonekana nje. Jambo la kwanza ni presha na mapigo. Picha ya eksirei husubiri.

Chini ya mvunjiko, kagua kila saa kwa siku ya kwanza: rangi, joto, mapigo ya mshipa, damu kurudi kwenye kucha ndani ya sekunde 2, hisia, msogeo, na maumivu. Linganisha na upande mzima. Aliyevunjika mkono wa juu mwambie ainue kiganja kwa nyuma. Akishindwa, neva ya radiali imeumia, na hilo liandikwe kabla ya kufungwa hogo, si baada yake.

Zaidi ya yote, yaamini maumivu. Misuli inapovimba ndani ya ala yake isiyotanuka, au hogo linapobana, shinikizo hupanda mpaka damu haifiki. Dalili ya mapema ni maumivu yanayozidi kiasi cha jeraha, yasiyosikia dawa, na yanayopanda sana ukimnyoosha vidole. Mapigo ya mshipa yanaweza kuwepo bado, kwa hiyo yasikudanganye. Misuli huanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Usimwambie avumilie, wala usimwongezee dawa ya maumivu ukaondoka. Mwite daktari, hogo na bandeji vipasuliwe mpaka kwenye ngozi, kiungo kiwe usawa wa moyo wala kisiinuliwe juu zaidi, na chumba cha upasuaji kiarifiwe. Hali hii hutokea pia kwa waliofungwa vijiti na kamba kwa nguvu huko nyumbani. Hao usiwakaripie. Ukimkaripia mama aliyempeleka mwanawe kwa mganga wa mifupa, mtoto wake wa pili hatamleta kabisa.

Kati ya saa 24 na 72 baada ya kuvunjika paja, mgonjwa akianza kuhema, kuchanganyikiwa na kutoka vidoa vyekundu kifuani au kwapani, fikiria mafuta ya mfupa yameingia kwenye damu. Mpe oksijeni na uite msaada. Aliyevutwa mguu kwa uzito, hakikisha mawe yananing'inia huru, hayagusi sakafu wala kitanda, na usiyaondoe wakati wa kumwogesha. Mvunjiko wenye kidonda unahitaji antibayotiki mapema, kuoshwa, na kinga ya pepopunda. Mwenye selimundu akiumwa mfupa pamoja na homa, usidhani ni maumivu yake ya siku zote. Mifupa yake hushambuliwa kirahisi na bakteria.

Na yule mtoto wa sindano ya kalio anatuhusu sisi moja kwa moja. Neva ya siatiki hupita pale, na sindano iliyokosea mahali humlemaza mtoto mzima. Kwa watoto wadogo tumia upande wa nje wa paja, na uliza kwanza kama dawa inaweza kutolewa kwa mdomo.

Jinsi ya kusoma na jinsi ya kusema

Soma wawili wawili. Mmoja awe mgonjwa, mwingine apime fahamu, mboni, nguvu za mikono na miguu, na hisia za vidole, mpaka vidole vyenu vijue mtu mzima anakuwaje. Asiyeujua uzima hawezi kuutambua ugonjwa. Kila jioni baada ya zamu chagua mgonjwa mmoja, chora njia yake, weka alama palipokatika, kisha andika mambo matatu yanayoweza kumuua usiku huo na namna utakavyoyagundua. Kwenye mtihani, swali likikuuliza utaanza na nini, anza na njia ya hewa na pumzi hata kama mfupa umetokeza nje.

Unapomwita daktari, sema mgonjwa ni nani, alikuwaje, sasa yukoje kwa namba, na unaomba nini: "Alikuwa na 14 saa mbili usiku, sasa saa nne ana 12, mboni ya kulia imepanuka, naomba uje sasa." Usiombe radhi kwa kumwamsha. Ukiwa mwanafunzi, mwambie muuguzi wa zamu. Asipokusikiliza mwambie msimamizi wa wodi. Pengine utaambiwa umekosea, na siku nyingine kweli utakuwa umekosea. Sema hata hivyo. Kukaripiwa kutaisha kesho asubuhi. Mguu uliokatwa haurudi.